William Blake: utenzi ulioandikwa juu ya karatasi za kibarua

Wasomaji wangu wa Pwani, wengi wetu tuliopitia skuli tulimjua William Blake kwa lile shairi lake fupi juu ya chuimilia. Leo shairi hilo naliweka kando. Nataka kuzungumza juu ya mswada wake mmoja ambao hata Waingereza walioumaliza ni wachache, na juu ya mtu aliyeuandika. Mambo hayo mawili hayatengani, maana kazi ya riziki na kazi ya moyo zilikutana juu ya karatasi moja.

Blake alizaliwa London tarehe 28 Novemba 1757. Babake alikuwa na duka la soksi mtaa wa Broad Street, pande za Soho. Hakupelekwa skuli ila ya kuchora, na alipotimu miaka 14 akatiwa uanagenzini kwa James Basire, fundi wa kuchora picha juu ya mabamba ya shaba ili zipigwe chapa. Alikaa kwake miaka 7, na mara nyingi alitumwa katika kanisa la Westminster kuchora makaburi ya wafalme. Ufundi huo ndio uliomlisha mpaka kufa kwake. Sisi twamwita malenga, lakini waliompa kazi walimjua kwa shaba.

Mwaka wa 1782 alimwoa Catherine Boucher. Siku ya ndoa bibi huyo alitia alama ya X mahali pa jina, kwani hakujua kuandika. Mumewe akamfundisha kusoma na kuandika, akamfundisha kupiga chapa na kutia rangi, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja nyumbani mwao. Blake alibuni njia ya kuandika shairi na picha yake juu ya bamba moja kwa dawa isiyolika, kisha akalimwagia asidi ili yabaki maneno na michoro tu. Alidai kuwa njia hiyo alionyeshwa na nduguye Robert, aliyefariki mwaka wa 1787, alipomjia katika njozi. Hayo nayaacha baina yake na Mola wake. Ninachojua ni kwamba vitabu alivyovitoa kwa njia hiyo ni vizuri kuvitazama, na kwamba wakati wake walionunua walikuwa wachache sana.

Sasa nifike penye kisa. Mwaka wa 1795 muuza vitabu Richard Edwards alimwagiza picha za kupambia shairi refu la Edward Young, Night Thoughts, lililogawanywa katika Usiku 9 na linalozungumzia mauti na maisha ya baadaye. Blake alichora picha 537 za rangi ya maji. Aliomba gini 100, akapewa 20. Sisi tunaoagizwa mashairi ya harusi na kulipwa kwa shukrani twaijua hesabu hiyo! Katika picha zote hizo 43 tu ndizo zilizochongwa juu ya shaba. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1797, haikununuliwa, na kazi ikakomea hapo.

Blake alibaki na karatasi kubwa za majaribio ya chapa. Picha zilizunguka pambizoni, na katikati paliachwa wazi pa kutiwa maneno ya Young. Ndani ya nafasi hizo akaanza kuandika utenzi wake mwenyewe, akauita Vala. Nao pia aliugawa katika Usiku 9, kama ule wa mtu aliyemchosha. Hakukaa na kuandika mara moja. Aliandika, akafuta, akaongeza pembeni, akageuza jina likawa The Four Zoas, na kwa muda wa kiasi cha miaka 10 hakuumaliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Jitu Albion limelala, na nguvu 4 zilizokuwa zikiishi ndani yake kwa amani zimegombana. Urizen ni akili ipendayo kutunga sheria, Luvah ni mapenzi na hamaki, Tharmas ni mwili na hisi zake, na Urthona ni kipawa cha kubuni, ambaye akishuka duniani huitwa Los na kazi yake ni uhunzi. Neno Zoa ni la Kigiriki, maana yake viumbe hai, na limetokana na maono yaliyomo katika Biblia. Asikhofu msomaji kuwa hii ni miungu ya kuabudiwa. Kwa nionavyo mimi ni mtu mmoja aliyepasuliwa ili tuone kilichomo ndani.

Ugumu wake haufichiki. Majina huja bila maelezo, na mwenye kuanza kumsoma Blake asianzie hapa. Lakini Usiku wa Tisa ni Siku ya Hukumu: mataifa yavunwa kama ngano na kukamuliwa kama zabibu, na aliyelelewa chuoni kwa habari za Kiyama hatauona mgeni.

Wakati huo wote vibarua havikupungua. Mwaka wa 1800 alihamia Felpham, karibu na bahari, kwa mwito wa tajiri mmoja, William Hayley, aliyemjaza kazi ndogo ndogo mpaka akachoka naye. Mwezi wa Agosti 1803 Blake alimtoa kwa nguvu askari aliyeingia bustanini mwake, na askari akamshtaki kuwa amemtukana mfalme. Aliachiliwa huru huko Chichester Januari 1804, na wakili aligharimiwa na Hayley huyo huyo. Mambo ya Vala akayachota na kuyatia katika vitabu viwili vingine, Milton na Jerusalem. Na mtu huyo mwenye majitu kichwani, karibu na miaka 60, alikuwa akichora mabakuli ya supu kwa ajili ya orodha ya bidhaa za kiwanda cha Wedgwood.

Alifariki tarehe 12 Agosti 1827, akazikwa Bunhill Fields katika kaburi la pamoja, na jiwe penye mahali pake hasa halikuwekwa mpaka 2018. Mswada alikuwa nao rafikiye mchoraji, John Linnell. Kwetu Mombasa, Muyaka bin Haji alikuwa hai miaka hiyo hiyo, na lau si Mwalimu Sikujua kuzihifadhi, tungo zake nyingi zingalipotea. Karatasi za Blake zilikaa kwa jamaa za Linnell mpaka Edwin Ellis na W. B. Yeats walipozichapisha mwaka wa 1893, tena kwa makosa mengi. Mwaka wa 1918 zilitolewa zawadi kwa British Museum, na sasa zimo British Library. Wahariri wangali wanabishana juu yake, kwa sababu Usiku wa Saba umeandikwa mara mbili, na Blake hakuufuta hata mmoja.