Mary Leakey

Mary Douglas Leakey (jina la kuzaliwa: Mary Douglas Nicol, London, 6 Februari 1913 – Nairobi, 9 Desemba 1996) alikuwa mwanaakiolojia na mtafiti wa asili ya binadamu kutoka Uingereza. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na kufanya kazi Kenya na Tanzania. Anajulikana hasa kwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Olduvai mwaka 1959, na kwa nyayo za Laetoli zilizochimbuliwa chini ya uongozi wake kuanzia mwaka 1978. Nyayo hizo ni ushahidi wa moja kwa moja wa jinsi zamadamu walivyotembea miaka milioni 3.66 iliyopita.

Maisha ya awali

Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji. Familia ilisafiri mara nyingi, na huko Ufaransa Mary alivutiwa na mapango yenye michoro na zana za mawe. Baba alifariki mwaka 1926, Mary akiwa na umri wa miaka 13. Baadaye alifukuzwa katika shule za watawa, na hakupata shahada yoyote kwa masomo ya chuo kikuu. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia mjini London, akashiriki uchimbaji, na akajipatia sifa kwa kuchora zana za mawe kwa usahihi.

Mchoro ndio uliomkutanisha na Louis Leakey, mtafiti aliyezaliwa Kenya, ambaye alihitaji mtu wa kuchora picha za kitabu chake. Walioana mwaka 1936 wakapata wana watatu waliofikia utu uzima: Jonathan, Richard na Philip.

Kazi Afrika Mashariki

Mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga kwenye Ziwa Viktoria, Mary alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale. Mwaka 1951 alifanya kazi Kondoa, katikati ya Tanzania, akinakili michoro ya miambani.

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Louis alikuwa amelala kambini akiumwa. Mary alitoka akaona mfupa uliochomoza ardhini: lilikuwa fuvu la zamadamu lililopewa jina la Zinjanthropus boisei (leo Paranthropus boisei). Umri wake ulipimwa kuwa miaka milioni 1.75 hivi. Louis ndiye aliyezungumza zaidi mbele ya umma, lakini uchimbaji wa Olduvai na uainishaji wa zana zake za mawe ulikuwa hasa kazi ya Mary. Baada ya Louis kufariki mwaka 1972, aliendelea kuongoza utafiti mwenyewe.

Nyayo za Laetoli

Laetoli iko katika eneo la Ngorongoro, takriban kilomita 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 watafiti wa kikosi cha Mary waligundua hapo nyayo za wanyama katika tabaka la majivu ya volkeno. Majivu hayo yalilowa kwa mvua, yakakanyagwa, yakakauka na kuwa magumu, kisha yakafunikwa na majivu mengine.

Mwaka 1978 Paul Abell aliona alama ya kisigino kilichofanana na cha binadamu. Uchimbaji wa mwaka huo na wa 1979 ulifunua njia ya mita 27 hivi yenye nyayo karibu 70. Waliopita walikuwa watatu: mmoja mdogo upande mmoja, na upande wa pili mkubwa ambaye nyayo zake zilikanyagwa na mwingine aliyemfuata. Kidole gumba kilielekea mbele pamoja na vidole vingine, si pembeni kama cha sokwe, na kisigino kilitangulia kugusa ardhi.

Umuhimu wake

Mifupa huonyesha umbo la mwili. Mwendo wenyewe mtafiti hulazimika kuukisia. Unyayo ni alama ya tendo lenyewe. Leo wataalamu hupima mwendo wa mtu aliye hai kwa kamera, hata bila kumbandika alama yoyote mwilini. Kwa viumbe waliotoweka, urefu wa hatua na kina cha unyayo ndivyo vipimo vinavyobaki.

Nyayo za Laetoli ni za kale kuliko zana zote za mawe zinazojulikana. Zilionyesha kwamba mababu walisimama na kutembea kwa miguu miwili kabla ubongo haujawa mkubwa. Mwaka 2010 watafiti waliwatembeza watu mchangani, kwanza kwa kawaida, kisha wakiwa wamekunja magoti, na kulinganisha nyayo zao na za Laetoli. Waliona kwamba zinafanana zaidi na za mwendo wa kawaida. Watafiti wengine baadaye walidai kuwa mwendo ule ulitofautiana kidogo na wetu.

Mabishano

Wataalamu wengi huzihusisha nyayo hizo na Australopithecus afarensis. Jina hilo lilipotolewa mwaka 1978, likiunganisha visukuku vya Laetoli na vya Ethiopia, Mary alilipinga na kuondoa jina lake katika makala husika. Alikuwa mwangalifu kuhusu kuchora nasaba ya binadamu kutokana na ushahidi mchache.

Hifadhi ya nyayo

Mwaka 1979 nyayo zilifunikwa tena kwa mchanga na mawe ili zisiharibike. Lakini migunga iliota juu yake na mizizi ikatishia kuziharibu. Katika miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani waliziondolea mizizi, wakazirekodi na kuzifunika upya. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Italia walitangaza nyayo nyingine, za watu wawili, zilizopatikana karibu na hapo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1983 Mary aliondoka Olduvai akahamia Nairobi, akiwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Vyuo vikuu kadhaa vilimtunuku shahada za heshima. Alifariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 83.