Harvey Firestone: mchuuzi aliyeyalaza malori juu ya upepo

Na Mwandishi Wetu

Madereva wa masafa marefu wanalifahamu jina la Firestone kupitia tairi. Lakini anayeinama chini ya tela lenye springi za upepo, yale mabaluni meusi ya mpira yanayokaa juu ya ekseli mahali pa springi za chuma, anaweza kulikuta jina hilo hilo limechapwa. Mwenye jina alifariki mwaka 1938, zaidi ya miaka kumi kabla ya springi hizo kuingia kwenye mabasi ya biashara.

Harvey Samuel Firestone alizaliwa tarehe 20 Desemba 1868 shambani kwa wazazi wake, Columbiana, jimbo la Ohio nchini Marekani. Hakuwa fundi wala mhandisi. Alikuwa muuzaji, na alianza kwa kuuza magari ya kukokotwa na farasi. Wakati huo magurudumu mengi yalikuwa ya mbao yenye pete ya chuma, na abiria alihesabu kila jiwe la barabarani kwa mgongo wake. Huko Detroit, Firestone alitembelea gari la farasi lenye magurudumu ya mpira, akaona jinsi wateja walivyolitamani. Ni katika mji huo, katikati ya miaka ya 1890, alipokutana na kijana mmoja aliyekuwa akihangaika kutengeneza gari lisilo na farasi: Henry Ford.

Mwaka 1900 alifungua kampuni yake ya tairi mjini Akron, Ohio. Mwaka 1906 Ford alimpa oda ya seti 2,000 za tairi, na tangu hapo kila gari la Ford lililouzwa lilikuwa pia soko la Firestone. Wawili hao wakawa marafiki, na kwa miaka kadhaa walisafiri pamoja likizoni wakilala kwenye mahema, wakiwa na mvumbuzi Thomas Edison.

Kwa wasomaji wetu, mwaka muhimu zaidi pengine ni 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imezijaza reli za Marekani hadi mizigo ikalala stesheni. Firestone alianzisha kampeni aliyoiita Safirisha kwa Lori, akafungua ofisi za kuwakutanisha wenye mizigo na wenye malori. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa dalali wa mizigo, ila malipo yake yalikuja kwa njia nyingine: lori likienda mbali, tairi huisha. Alidai pia barabara bora, kwa sababu hiyo hiyo.

Tatizo lake lilikuwa malighafi. Mpira mwingi wa dunia ulitoka kwenye makoloni ya Uingereza na Uholanzi kusini mashariki mwa Asia. Mwaka 1922 Uingereza ilianza kubana kiasi kilichouzwa nje kutoka Malaya na Ceylon ili bei ipande, na ikapanda kweli. Firestone alipiga kelele kuliko wenye viwanda wenzake, kisha akatafuta ardhi yake mwenyewe. Aliipata Liberia.

Mkataba wa mwaka 1926 ulimruhusu kukodi hadi ekari milioni 1 kwa miaka 99, kwa kodi ya senti 6 za dola kwa ekari kwa mwaka. Sambamba na mkataba huo, Liberia ilichukua mkopo wa hadi dola milioni 5 kwa riba ya asilimia 7 kutoka taasisi iliyoanzishwa na Firestone mwenyewe, huku washauri wa fedha kutoka Marekani wakiyasimamia mapato ya serikali. Yeyote anayefuatilia mikataba ya madini na ardhi katika nchi zetu ataona kuwa upande mmoja wa meza ulikuwa na nguvu zote. Mwaka 1930 tume ya Shirikisho la Mataifa ilichunguza kazi za kulazimishwa nchini humo. Lawama kubwa iliwaangukia viongozi wa serikali, hasa kwa vibarua waliopelekwa kisiwa cha Fernando Po, na Rais Charles King akajiuzulu pamoja na makamu wake. Kampuni haikutiwa hatiani kuwa ilitumia watumwa, lakini namna vibarua wa mashambani walivyopatikana kupitia machifu nayo ilitiliwa shaka. Mji uliokua pale shambani unaitwa Harbel, jina lililounganishwa kutokana na Harvey na mkewe Idabelle.

Ni katika miaka hiyo ya 1930 kampuni ilipoanza kujaribu springi za upepo. Wazo lenyewe ni tairi lililobadilishwa kazi. Mfuko wa mpira uliosukiwa nyuzi unajazwa upepo na kuwekwa kati ya ekseli na chasisi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, hewa inabanwa na kurudi, na mshtuko haufiki wote kwenye mzigo.

Utamu wake uko kwenye valvu ya kupimia kimo. Valvu hii hufungwa kwenye chasisi, na mkono wake mdogo huunganishwa na ekseli. Tela likipakiwa, chasisi inashuka, mkono unasogea, valvu inafunguka na upepo wa kampresa unaingia kwenye mabaluni hadi chasisi irudi kwenye kimo chake. Likishushwa mzigo, upepo wa ziada unatolewa. Kwa hiyo springi inakuwa ngumu tela likiwa limejaa, na laini likiwa tupu. Springi ya chuma haina akili hiyo. Imetengenezwa kubeba mzigo kamili, na tela likirudi tupu linaruka kama mbuzi.

Kati ya 1935 na 1939 magari kadhaa madogo ya Marekani yalifungwa springi hizo kwa majaribio. Hakuna lililoingia sokoni, kwa kuwa springi za chuma za kujiviringisha zilikuwa zimeboreshwa na zilikuwa rahisi zaidi. Kiuchumi uamuzi ule ulikuwa sahihi. Uzito wa gari dogo haubadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, hivyo mwenye gari angelipia kitu asichokihitaji. Basi na lori ni habari nyingine. Watengenezaji wa mabasi walianza kuzungumza na kampuni mwaka 1938, mwaka ambao Firestone alifariki, tarehe 7 Februari, huko Miami Beach, akiwa na umri wa miaka 69. Mabasi ya majaribio yalitembea mwaka 1944, na uzalishaji ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Malori na matela yakafuata.

Kwa msafirishaji wa leo faida haiishii kwenye ulaini. Mabaluni ya ekseli zilizo pamoja huunganishwa kwa mabomba, hivyo upepo hugawana mzigo na ekseli moja haielemewi kirahisi wakati nyingine inapumzika. Tena, shinikizo ndani ya baluni hupanda kadiri uzito unavyopanda. Ukifunga geji na kuilinganisha mara moja na karatasi ya mizani, utajua kwa makadirio mazuri ekseli zimebeba kiasi gani kabla ya kutoka ghalani. Sheria ya mwaka 2013 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na kila kundi la ekseli lina kiwango chake, hivyo geji hiyo si pambo. Ulaya ilikwenda mbali zaidi: ekseli mbili pamoja zinazosukuma gari huruhusiwa tani 19 badala ya 18 zikiwa na springi za upepo au zinazolingana nazo, kwa sababu haziumizi barabara sana.

Gharama nayo ipo. Baluni hutobolewa na jiwe, bomba huvuja, na valvu iliyoingia vumbi huinamisha tela upande mmoja. Springi za bapa hupunguza mrusho kidogo kwa kusuguana zenyewe, lakini baluni halina msuguano huo. Linategemea shokomzoba, na shokomzoba ikifa, baluni hufuata. Kwenye njia za vumbi na mashimo, mbali na fundi, wapo wasafirishaji wanaobaki na chuma, na hesabu zao si mbaya.

Kampuni ya Firestone ilinunuliwa na Bridgestone ya Japani mwaka 1988. Urafiki wa kibiashara na Ford ulivunjika mwaka 2001, baada ya mzozo wa tairi zilizopasuka kwenye magari aina ya Ford Explorer. Kiwanda cha Nairobi kilichoanza mwaka 1969 kwa jina la Firestone kiliitwa Sameer Africa kuanzia mwaka 2005, na mwaka 2016 kikaacha kutengeneza tairi.