Kanoni Apolo Kivebulaya na Ubatizo Wake

Katika bweni letu kuna ubishi mmoja usiokwisha, na Jumapili baada ya ibada ndipo unapopamba moto. Wengine husema kwamba mtu akiisha kubatizwa, yote yametimia, kilichobaki ni kukaa kwa adabu. Wengine, wale wa uamsho, husema kuwa maji peke yake hayakumgeuza mtu hata mmoja, na Mkristo asiyeokoka ni Mkristo wa jina tu. Mimi nimewasikiliza wote wawili. Naona ni afadhali tutazame maisha ya mtu mmoja aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kuliko kushindana kwa maneno mpaka taa zizimwe.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana aliitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Katika ujana wake alifuata Uislamu, na kisha alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa fundi na mwalimu. Zikaingia vita vya dini mwaka 1888, naye Waswa akachukua silaha kama vijana wenzake. Mwaka 1891 alikwenda mpaka Toro pamoja na jeshi la Kapteni Lugard. Basi tusidhani alikuwa mtoto mpole aliyelelewa uani mwa misheni. Alikuwa askari, na mambo ya askari aliyajua.

Hapa sina budi kutoka njiani kidogo. Mwaka 1893 huko Mengo, Mkristo mmoja aliyekwisha kubatizwa alikwenda kwa wamisionari akataka watu watangaziwe kwamba yeye amerudi katika mambo ya kale, kwa kuwa dini hii mpya haikuwa na nguvu ya kumtoa katika dhambi zake. Mwaka huo huo George Pilkington, aliyekuwa akitafsiri Biblia katika Kiganda, alikwenda kukaa peke yake katika kisiwa cha Kome, maana aliona kazi yake mwenyewe imekuwa kavu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mwezi wa Desemba ikafanywa mikutano ya siku tatu, na watu wengi waliobatizwa zamani walisimama kuomba upya. Baada ya hapo walimu wengi Waganda walitoka kwenda nchi za mbali. Namheshimu yule mtu aliyetaka kujiondoa. Alisema wazi jambo ambalo wengi hulificha.

Katika siku hizo za uamsho ndipo Waswa alipokuwa akijifunza. Wakati ule Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji, kwa sababu kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. (Sisi leo twasoma ili tushinde mtihani!) Alibatizwa mwaka 1895, akapewa jina la Apolo. Anayekumbuka Matendo ya Mitume, mlango wa 18, atajua kuwa yule Apolo wa kwanza alikuwa mhubiri hodari aliyeujua ubatizo wa Yohana tu, mpaka Prisila na Akila walipomchukua kumweleza zaidi. Jina hilo lilimfaa, kama tutakavyoona. Na Kivebulaya ni jina la mzaha, kwa ajili ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka ule ule alitumwa Toro kufundisha, na mwaka 1896 akavuka bonde la mto Semliki mpaka Mboga. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, wakashindwa kwa njaa, kwa sababu mtawala Tabaro aliwakataza watu kuwapa chakula. Apolo alishika jembe akalima mwenyewe, ingawa katika Buganda jembe lilikuwa kazi ya wanawake. Naona jembe lile lilihubiri kabla yake. Lakini mafundisho yake yalipinga ulevi na kuoa wake wengi, na Tabaro alikasirika. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Mwaka 1898 ikatokea ajali mbaya. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, wakati Apolo alipokuwa akijenga, naye akashtakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Alipigwa tena, akapelekwa Toro, akafungwa gerezani kwa minyororo. Alikuwa Mkristo wa miaka mitatu tu, asiye na kosa, na kazi yake yote imeharibika. Kama angetaka kujiondoa kama yule mtu wa Mengo, nani angemlaumu? Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba humo gerezani alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia awe na moyo na aendelee kuhubiri. Alipofunguliwa hakurudi kwao Buganda. Alirudi Mboga, kwa Tabaro yule yule.

Na Tabaro akabatizwa, akaitwa Paulo.

Wenzangu wa upande wa uamsho hupenda kuniambia kuwa ubatizo wa kweli wa Apolo ulikuwa gerezani. Siwezi kukubali. Yeye mwenyewe hakuudharau ule wa maji hata siku moja, maana miaka yote iliyofuata aliwaandaa wengine waupokee. Lakini wenzangu wa upande wa pili nao wanijibu: kama yote yalitimia mwaka 1895, gerezani alihitaji nini?

Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika Toro miaka mingi, na baada ya Mboga kuingizwa katika Kongo ya Wabelgiji alirudi huko, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50. Mwaka 1921 aliona maono ya pili, akaelekea msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, lakini heshima hiyo haikumrudisha mjini. Hakuoa; mchumba wake alikufa zamani. Wambuti wa kwanza walibatizwa mwaka 1932, naye akiwa mzee mgonjwa.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa kuwa upande huo ndiko msitu ulikokuwa, na kazi ilikuwa bado.