Count Basie na Bendi Yake

William Basie alizaliwa tarehe 21 Agosti, 1904, katika mji wa Red Bank, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wamarekani Weusi. Mama yake alifua nguo za watu, na fedha nyingine akalipia masomo ya piano ya mwanawe. Mtoto mwenyewe alipenda zaidi kupiga ngoma. Lakini kijana mmoja, Sonny Greer, alimshinda kabisa kwa ngoma. Basie akairudia piano.

Mwaka 1927 alikuwa akisafiri na kikundi cha maonyesho. Kikundi kikavunjika, naye akakwama Kansas City. Huko aliingia bendi ya Bennie Moten mwaka 1929. Moten alifariki mwaka 1935, na Basie akaunda bendi yake. Mtangazaji wa redio akampa jina la Count, yaani mtu wa ukoo bora.

Walipiga jazi katika Reno Club. Nyimbo zao nyingi hazikuandikwa. Mmoja alibuni kipande kifupi, wenzake wakakidaka. Wenye matarumbeta waliwajibu wenye saksafoni. Kila mtu alishika sehemu yake kichwani.

Ndugu msomaji, umepata kuona watu watatu wakitwanga kinu kimoja? Mmoja akichelewa, michi hugongana. Ndivyo ilivyokuwa kwa Basie, Walter Page wa besi, Jo Jones wa ngoma na, tangu 1937, Freddie Green wa gita. Gita la Green halikutumia umeme. Msikilizaji aliweza asilitambue, lakini wenzake walilitegemea. Basie naye alipiga sauti chache tu. Aliweza sana kujionyesha, lakini aliacha nafasi ili wengine wasikike. Kazi hiyo si rahisi!

Sifa zikaenea. Lakini mkataba wake wa kwanza wa sahani ulimnyonya. Alitia sahihi kurekodi pande 24 za sahani kwa dola 750, akidhani amepata. Kumbe hakutengewa hata senti moja kwa kila sahani itakayouzwa! Wimbo wa One O'Clock Jump ulirekodiwa mwaka 1937 ukapendwa mno. Faida ya sahani ikabaki kwa kampuni.

Mwaka 1950 fedha zilipungua, akaivunja bendi kubwa. Mwaka 1952 akaunda nyingine, na Green alikuwamo. Basie alifariki tarehe 26 Aprili, 1984. Green aliendelea kupiga gita katika bendi hiyo mpaka naye alipofariki mwaka 1987.