Corradino D'Ascanio: Mhandisi aliyetamani anga, akaacha magurudumu matatu barabarani

Kusini mwa mji wa Arua, kwenye mpaka wa Vurra, ndipo inapokoma barabara ndefu itokayo Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, na kupita Koboko na Arua. Ng'ambo ya kizuizi cha forodha huanza njia ya kwenda Aru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwenye njia ya biashara kama hiyo, mwenye magunia manne ya muhogo hana haja ya lori, wala pikipiki haimtoshi. Anachohitaji ni chombo cha kati: chenye injini ndogo, magurudumu matatu na mahali pa kuweka mzigo nyuma. Kenya wanakiita tuktuk, Tanzania bajaji. Ni wachache wajuao kwamba ukoo wa chombo hicho unamfikia mhandisi mmoja wa Italia, ambaye muda mwingi wa maisha yake alitamani kutengeneza kitu kingine kabisa.

Corradino D'Ascanio alizaliwa tarehe 1 Februari 1891 katika mji mdogo wa Popoli, kwenye milima ya Abruzzo. Tangu utotoni alivutiwa na mruko wa ndege wa angani. Aliwachunguza akilinganisha uzito wao na upana wa mabawa yao, na alipokuwa na umri wa miaka 15 aliunda mabawa yake mwenyewe ili ayajaribu vilimani. Mwaka 1914 alihitimu uhandisi wa mitambo mjini Torino. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpeleka katika kikosi cha anga, na mwaka 1918 alikwenda Marekani kufanya kazi katika sekta ya ndege. Aliporejea kwao, alikuwa na azma moja: kuunda chombo kitakachopaa wima, kisimame hewani na kutua palepale kilipoanzia.

Mwaka 1925 aliungana na tajiri mmoja wa Abruzzo, Pietro Trojani, aliyetoa fedha za majaribio. Helikopta mbili za kwanza hazikufaulu. Ya tatu ilikuwa na jozi mbili za mapanga yaliyozunguka kwa kupishana, moja juu ya nyingine. Mnamo Oktoba 1930, katika uwanja wa Ciampino karibu na Roma, rubani Marinello Nelli aliipaisha hadi mita 18, akakaa hewani dakika 8 na sekunde 45, na katika mruko mwingine akasafiri zaidi ya kilomita moja. Kwa wakati ule zilikuwa rekodi za dunia. Hata hivyo rekodi hazikuleta wanunuzi. Fedha zilikwisha, ubia ukavunjika, na mvumbuzi akalazimika kutafuta ajira.

Ajira hiyo aliipata katika kampuni ya Piaggio mwaka 1932. Huko alibuni rafadha za ndege zilizoweza kubadili pembe zake zikiwa angani, na tangu mwaka 1937 alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Pisa. Lakini Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera kilikuwa magofu kwa mabomu, na Italia iliyoshindwa ilikuwa imezuiwa kuendeleza kazi ya ndege. Mtu aliyekuwa amejitolea maisha yake kwa anga alifungiwa mlango wa anga.

Mkuu wa kampuni, Enrico Piaggio, aliona kwamba wananchi waliohangaika kwa umaskini na barabara mbovu walihitaji usafiri wa bei nafuu. Alimpa D'Ascanio kazi ya kubuni pikipiki ndogo. Ajabu ni kwamba mhandisi huyo hakuzipenda pikipiki kamwe. Aliziona ni vyombo visivyo na raha, vinavyomchafua mtu mafuta na kumtesa kila anapopata pancha. Chuki hiyo ndiyo iliyomwongoza. Injini aliiweka kando ya gurudumu la nyuma, ndani ya bodi, ili pasiwepo mnyororo. Gia alizipeleka kwenye usukani. Gurudumu la mbele alilishikiza kwa mkono mmoja tu, kama miguu ya ndege ya kutulia, ili tairi libadilishwe kwa urahisi. Badala ya fremu ya mabomba alitumia bati lililokunjwa, kama mwili wa ndege. Piaggio alipokiona chombo hicho chenye kiuno chembamba alikifananisha na nyigu, na jina la Vespa, yaani nyigu kwa Kiitaliano, likabaki. Hataza yake iliombwa mwezi Aprili 1946.

Miaka miwili baadaye, nyigu akafuatwa na nyuki. Magari ya mizigo yenye magurudumu matatu yalikuwepo kabla ya hapo, Italia na Japani pia, lakini D'Ascanio alipendekeza kitu chepesi zaidi: kuchukua sehemu ya mbele ya Vespa, na nyuma yake kufunga ekseli yenye magurudumu mawili na kitanda cha mizigo. Chombo hicho kiliitwa Ape, yaani nyuki. Kilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 125 na kilibeba kilo 200. Muuza mboga, mwashi na mwoka mikate, ambao jana yake walisukuma mikokoteni, sasa waliweza kufikisha bidhaa sokoni kabla ya jua kuwa kali.

Kutoka Italia ufundi huo ulivuka hadi India, ambako kampuni ya Bajaj ilianza kwa kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni. Kutoka India ukafika Afrika Mashariki. Ndiyo maana Tanzania hutumia jina la kampuni ya India kukiita chombo kilichoanzia Pontedera, na jina la aliyekibuni halitajwi na mtu.

D'Ascanio mwenyewe hakuiacha ndoto yake. Katika miaka ya 1960 aliondoka Piaggio na kujiunga na watengenezaji wa helikopta wa Agusta, ambako alibuni helikopta ndogo ya mafunzo. Nayo pia haikuingia sokoni kwa wingi. Alifariki dunia mjini Pisa tarehe 6 Agosti 1981, akiwa na umri wa miaka 90, akijulikana duniani kwa pikipiki kuliko kwa mapanga yaliyopaa Ciampino.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Piaggio ilisitisha kuunda Ape nchini Italia; uzalishaji umebaki India. Tangu hapo, na hata kabla yake, zile za zamani zilizotunzwa vizuri zimekuwa zikitafutwa na wakusanyaji barani Ulaya, ambao huzipaka rangi upya na kuzigeuza vibanda vya kahawa au mapambo ya harusi. Huko ni kumbukumbu. Afrika Mashariki, vizazi vya nyuki huyo bado viko kazini: vinapakiwa alfajiri, vinapigwa na mvua, na jioni hutarajiwa kurudi na fedha za chakula na karo. D'Ascanio alitaka kumwondoa binadamu ardhini. Alichofanikiwa ni kumpunguzia mzigo kichwani, na hilo limewafikia watu wengi kuliko helikopta yoyote aliyoichora.