Albrecht Dürer, Mwana wa Mfua Dhahabu

Albrecht Dürer alizaliwa mwaka wa 1471 mjini Nürnberg, katika nchi ya Ujerumani. Baba yake, mfua dhahabu aliyezaa watoto 18, alimfundisha kazi yake mwenyewe. Lakini kijana alipenda kuchora. Mwaka wa 1484, angali mtoto wa miaka 13, alijitazama katika kioo akaichora sura yake, na mchoro huo ungaliko hata leo.

Kisha alimwambia baba yake ya kuwa ataka kuwa mchoraji. Mzee alisikitika kwa ajili ya miaka iliyopotea. Walakini hakumzuia, bali mwaka wa 1486 alimpeleka kwa fundi Michael Wolgemut, akajifunza miaka 3.

Mwaka wa 1498 alitoa picha 15 za Kitabu cha Ufunuo, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa, jina lake likaenea Ulaya. Mwaka wa 1514 alimchora kwa mkaa mama yake mzee, pamoja na makunyanzi yake yote. Baada ya miezi miwili mama akafariki. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1528.

Basi sisi wazazi na walimu, tuonapo alama za mkaa ukutani, tusifanye haraka kukemea. Tuutazame kwanza mkono uliozichora.