Pete Maravich: Shujaa wa Vikapu na Mshipa Uliokosekana

Samaki hukunjwa angali mbichi. Ni wachache ambao maisha yao yanaithibitisha methali hii, na papo hapo kuitilia shaka, kama yalivyofanya maisha ya Mmarekani Pete Maravich. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1947 mjini Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, mji uliotegemea viwanda vya chuma. Baba yake, Press Maravich, alikuwa mwana wa wahamiaji Waserbia, na mpira wa vikapu ndio uliomwepusha na kazi ya tanuri. Mchezo uliomwokoa baba ukawa wasia kwa mwana hata kabla mwana hajajua kuchagua.

Mazoezi ya mtoto huyo yalikuwa ya ajabu. Inasimuliwa kwamba aliudundisha mpira akiwa amefungwa macho, akaudundisha akiwa ndani ya ukumbi wa sinema, na hata kupitia dirisha la gari huku baba yake akiendesha. Kutokana na malezi hayo, mikono yake ilipata wepesi ambao watazamaji wa wakati huo hawakuwa wameuzoea: pasi za nyuma ya mgongo, chenga za katikati ya miguu, na mitupo iliyoanzia kiunoni. Mtindo huo wa kurusha mpira kutoka kiunoni ndio uliompa lakabu ya Pistol, yaani bastola.

Mnamo 1966, Press aliajiriwa kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), mjini Baton Rouge, na Pete akajiunga na chuo hicho hicho. Kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu, hivyo alibakiwa na misimu 3 tu. Alicheza nafasi ya mlinzi, yaani mchezaji wa nyuma anayeupandisha mpira na kuyapanga mashambulizi. Aghalabu mchezaji wa aina hii husifiwa kwa kuwagawia wenzake. Maravich aligawa, lakini zaidi ya yote alifunga. Katika mechi 83 alipata alama 3,667, wastani wa alama 44.2 kwa kila mechi. Msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa 43.8, wa pili 44.2 na wa tatu 44.5. Tarehe 7 Februari 1970 aliifunga Alabama alama 69 katika mechi moja. Ikumbukwe kwamba mstari wa alama 3 ulikuwa haujaingizwa katika mchezo wa vyuo. Kila kikapu, hata kilichofungwa kutoka mbali, kilihesabiwa kuwa alama 2.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Katika misimu hiyo LSU ilishinda mechi 49 na kushindwa 35, na haikuwahi kufuzu kwa mashindano makuu ya kitaifa. Maravich alirusha mpira kikapuni mara 3,166, takriban mara 38 kila mechi, na wakosoaji waliuliza iwapo timu ilikuwepo kwa ajili ya mchezaji au mchezaji kwa ajili ya timu. Swali hilo lilikuwa zito zaidi kwa kuwa kocha alikuwa baba mzazi. Isitoshe, rekodi hiyo iliwekwa katika ligi ya majimbo ya Kusini wakati wachezaji Weusi walikuwa ndio kwanza wanaanza kukubaliwa. Perry Wallace wa Vanderbilt aliuvunja mwiko huo mwaka 1967, ilhali timu ya LSU ilikuwa ya Wazungu watupu kwa muda wote aliochezea Maravich. Tathmini ya haki haina budi kuyataja hayo pamoja na sifa zake.

Mwaka 1970 klabu ya Atlanta Hawks ilimsajili kwa mkataba wa karibu dola milioni 2. Utajiri huo haukuleta utulivu. Press alifutwa kazi LSU mwaka 1972, na mwaka 1974 mama yake Pete, Helen, alijiua. Mwaka huo huo Pete alihamia New Orleans Jazz. Huko aliongoza kwa ufungaji katika ligi nzima msimu wa 1976-77, na tarehe 25 Februari 1977 akaifunga New York Knicks alama 68. Jeraha la goti la mwaka 1978 lilimpunguzia kasi. Alistaafu mwaka 1980 baada ya kipindi kifupi na Boston Celtics, bila kutwaa ubingwa wowote. Baadaye aliugeukia Ukristo kwa dhati, akawa mhubiri wa maisha yake mwenyewe.

Tarehe 5 Januari 1988, akicheza na marafiki katika ukumbi wa kanisa mjini Pasadena, California, alianguka na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 40. Uchunguzi ulibaini kwamba alizaliwa bila mshipa wa kushoto unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wataikumbuka siri ya kitovu cha Fumo Liyongo. Ila Liyongo aliijua siri yake, na ni mwanawe aliyemsaliti. Maravich hakuijua yake, na baba aliyemfunza kila kiungo cha mwili hakuwa na njia ya kuujua moyo huo.

Mwaka 2023 Antoine Davis wa Detroit Mercy alimaliza misimu 5 na alama 3,664, pungufu ya alama 3 tu kuifikia rekodi ya wanaume. Mwaka 2024 Caitlin Clark wa Iowa aliipita jumla ya Maravich, akamaliza na alama 3,951. Wote wawili walicheza misimu mingi zaidi yake, tena wakiwa na mstari wa alama 3. Yamkini idadi hizo zitaendelea kupitwa. Litakalobaki ni swali ambalo maisha ya Maravich yanawaachia wazazi na walimu: samaki akikunjwa angali mbichi, nani humuuliza iwapo alitaka kukunjwa?